Jibu ya Mutu Mwingine

Kpandroma, tarehe 2 mwezi ya pili 2025

Yaya Mumbere, mukubwa wangu,

Huyu mama anayekupatia hii barua ndiye Estelle. Umupokee vizuri, umupatie chai na mahali pa kulala, sababu anafika kwako na furaha ambayo weye ndiye uliitengeneza.

Nikuelezee. Estelle alikimbilia huku Kpandroma na watoto wake wakati vita iliingia kwao, upande ya Djugu. Bwana yake, Guelord, alikuwaka anachimba dhahabu Bambu. Tangu ile siku hakusikia habari yake tena. Simu haiite, na wanaotoka kule wanasema hawamujue. Siku ya soko alileta mutoto wa homa kwa centre de santé yetu, nikamwambia: "Mama, tuma jina ya bwana yako kwa namba ya Tafuta Ndugu. Yaya yangu ndiye anachunga ile mashini kule Bunia."

Pembeni yake kwa benchi kulikuwa Muzee David, mushona viatu wa karibu na kanisa. Yeye anatafuta binti yake Chance. Walipotezana barabarani, watu wakikimbia gizani, hawakuonana tena. Nikawaandikia jina, kila mutu kwa simu yake, nikawafundisha kubonyeza. Wakatuma pamoja, kidole ya mumoja haikumupita mwingine.

Majibu ikarudi palepale, nikawasomea. Ya Estelle ilisema: ndugu unayemutafuta amepatikana, ni muzima, iko kambini Bunia. Yaya, kama ungeona! Alicheza katikati ya wagonjwa, mutoto wa homa mugongoni, hata wale wenye drip wakampigia makofi.

Ya muzee ilisema: pole, ndugu unayemutafuta alikufa, alizikwa Bambu. Alinipatia simu nimusomee mara ya pili. Kisha akaiweka mufukoni, akafunga vifungo ya koti yake yote mpaka shingoni, akaenda. Hakulia mbele yetu. Jioni nilipita kwake, nikamukuta anauliza neno moja tu: "Chance alienda Bambu kufanya nini?"

Estelle ameniachia watoto. Mathieu, ule mukubwa, ameanza kujisifu kwa wenzake kwamba baba yake anakuja. Mama yao anapanda lori ya kabichi asubuhi hii, amepaka mafuta mpaka anang'aa.

Nimekuandikia kwa karatasi sababu réseau ya simu huku inapitisha mesaji fupi tu. Sauti inakatika mbele hujamaliza salamu.

Mudogo wako,
Kavira

*

Bunia, tarehe 6 mwezi ya pili 2025

Dada Kavira,

Mugeni wako alifika salama, mavumbi mpaka kwa nyusi, anacheka. Bibi yangu amemupatia chumba ya watoto. Asubuhi yake tulienda naye kambini. Tuliuliza Guelord kwa wenye kuandika majina, tukazunguka katikati ya mahema, yeye anaita kwa sauti kubwa kama mutu anayeita mutoto aje kula. Hakuna aliyeitika. Pengine amehamia kambi ingine, watu wanahamahama sana. Kesho tutaenda ile ya pili.

Usikuwe na wasiwasi. Nafurahi kusikia majibu ilirudi palepale, sababu hiyo ni kazi yangu ya mwezi huu. Majina ya kambi zote, na ya waliokufa, inachungwa kwa mashini moja kubwa, mbali, mu muji mwingine. Zamani programu yetu ilikuwa kama mufanyakazi moja kwa dirisha: anapokea swali, anauliza ile mashini, anangojea, anajibu, ndipo anaita mutu mwingine. Watu walikuwa wanangojea mpaka jua inazama. Sasa nimeigawanya. Wafanyakazi ni wengi, wanatumika wakati moja, kila moja kwa dirisha yake. Fabrice, chef yetu, mukubwa wa kazi, alinisifu mbele ya biro nzima, wote tunaotumika pamoja. Wageni wanaotusaidia watakuja kuona.

Kuhusu Muzee David, umupatie pole yangu. Unajua hatuandikake majina ndani ya jibu, juu ya usalama. Simu inaweza kuangukia mikono mibaya. Lakini najua ni vigumu kupokea kifo kwa maneno machache namna ile.

Estelle iko hapa anasaidia kuosha mboga. Anauliza kila saa kama kambi ya pili iko mbali.

Yaya yako,
Mumbere

*

Kpandroma, tarehe 12 mwezi ya pili 2025

Yaya,

Barua yako ilifika, na hakuna Guelord ndani yake. Kambi ya pili ilisema nini? Watoto wananiuliza, na mimi nimeanza kuwa na kazi mingi kila wanaponikaribia.

Matanga ya Chance imeisha. Muzee alinyoa kichwa. Alichukua sherehani ya binti yake, ile yeye mwenyewe aliibeba mugongoni wakati ya kukimbia wakati wengine walibeba chakula, akaipatia mutoto wa ndugu yake. Nilimuambia, "Muzee, ungengoja kidogo." Akanijibu: "Ningoje nini, munganga? Weye ndiye ulinisomea."

Sasa sikia neno ingine. Jana kijana moja alikuja na simu yake, amekasirika. Anatafuta mama yake muzazi. Jibu aliyopata inasema: mutoto wako ana miezi sita, iko na wamama wa kanisa, kuja kumuchukua. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nililala nawaza ile benchi, Estelle na muzee wameketi bega kwa bega, wanabonyeza pamoja.

Yaya, mashini yako inaweza kumupatia mutu jibu ya mutu mwingine?

Usinijibu maneno ya kunituliza. Angalia.

Kavira

*

Bunia, tarehe 16 mwezi ya pili 2025

Kavira,

Niliangalia. Ndiyo, inaweza, na imefanya.

Nakuandikia vile ilivyo. Ili kuongea na ile mashini ya mbali, programu inafungua njia, siye tunaiita connexion. Ni kama kupiga simu na kuiacha wazi. Mimi niliifungua kwanza, moja, kisha ndipo nikaigawanya programu. Kwa hiyo kila mufanyakazi alizaliwa akishika ileile simu moja kwa sikio. Lakini kila moja iko na kichwa yake. Hawaonane, hawasikiane, hakuna anayejua kama mwenzake iko kwa laini. Moja anauliza habari ya Guelord, mwingine anauliza habari ya Chance, na majibu inarudi kwa njia moja, bila kusema inamutafuta nani. Ule anayesikiliza kwanza anachukua ile inayofika kwanza. Anaitoa kwa mutu wake, na roho safi.

Kila nilipojaribu ilijibu sawasawa, sababu nilijaribu peke yangu. Mutu moja anauliza, mutu moja anapata. Inataka wawili waulize pamoja ndipo ivurugike. Na majibu haina majina. Hakuna mutu angeweza kuona.

Nilifungua majina mimi mwenyewe. Chance ni muzima. Iko hapa Bunia, katika kambi ileile ya kwanza nilizunguka na Estelle. Guelord alikufa. Shimo iliangukia wachimbaji siku ileile vita iliingia kwao, na wenzake ndio walimuzika kule Bambu.

Nilimuambia Fabrice. Alifunga mulango. Akasema: "Umetengeneza?" Nikasema ndiyo, sasa kila mufanyakazi anafungua njia yake mwenyewe baada ya kuzaliwa. Akasema: "Basi nyamaza kwanza. Wageni wanafika wiki hii. Wakisikia, watafunga kila kitu, na wale wote wanaotafuta ndugu yao watabaki na nini? Wakienda, tutatuma majibu mapya, polepole." Dada, Fabrice si mutu mubaya. Mama yake mwenyewe alimupata kwa njia ya hii kazi. Nilimukubalia. Kwa hiyo nakuomba, usimuambie muzee bado. Siku chache.

Estelle hajue. Tulizunguka kambi zote, na kila jioni anasema kesho. Jana aliniomba nimuandikie barua ya watoto, sababu yeye hakusoma. Niliketi na yeye kwa meza, nikaandika kila neno alilosema. Iko ndani ya bahasha hii.

Mumbere

*

Bunia, tarehe 15 mwezi ya pili 2025

Mathieu na mudogo wako,

Ni mimi mama yenu. Anayeandika ni Papa Mumbere, yaya ya munganga Kavira. Mimi niko naongea, yeye anaandika.

Bado sijaona baba. Bunia ni kubwa, na watu ni wengi kupita soko ya kwetu. Lakini mashini ilisema iko hapa, na mashini ile haijue kudanganya, haina sababu. Pengine ameandikwa kwa jina ingine. Munajua baba yenu, akiulizwa jina anapenda kuchekesha watu.

Nimemutafutia shati. Si mupya, lakini kola yake ingali muzuri. Nitamuvalisha mbele hatujapanda lori, musimuone na nguo za shimo.

Mathieu, usimupige mudogo wako. Musikilize munganga. Musikule embe mabichi ya jirani. Kama baba amekonda musimushangae, mumusalimie tu.

Papa Mumbere ameacha kuandika, anasema kalamu inamusumbua. Basi naishia hapa.

Mama yenu,
Estelle

*

Kpandroma, tarehe 19 mwezi ya pili 2025

Mumbere,

Sitakuita yaya leo.

Uliketi na yeye kwa meza. Ulijua bwana yake iko chini ya udongo, na ukaandika shati, ukaandika kola. Mukono yako ilikubali namna gani? Hii barua sitawasomea watoto. Nimewaambia mama yao anawasalimia na wasikule embe mabichi. Ni hiyo tu niliweza kutoa ndani yake.

Na muzee nilimuambia, sikungojea wageni yako. Nilimukuta anashona kandambili. Nikamuambia, "Muzee, Chance ni muzima. Iko Bunia. Ile jibu haikuwa yako."

Hakuinua macho. "Nani amesema?"

"Yaya yangu. Ameangalia ndani ya mashini."

"Mashini gani?"

"Ile ya Tafuta Ndugu."

Hapo akaweka sindano chini. "Ileile iliniambia amekufa?"

"Ndiyo, muzee, lakini sasa ameitengeneza."

"Munganga," akasema, "nimemulilia binti yangu. Nimemunyolea. Nimemuweka mahali ambapo naweza kumubeba. Sasa unataka nimufufue kwa mudomo ya ule aliyemuua? Na kesho wakisema tena walikosea?" Akarudilia kandambili yake. Nilisimama pale mpaka mvua ikaanza. Hakunikaribisha ndani.

Unaona? Ulifikiri kutengeneza ni kuandika programu upya. Fabrice anafikiri atatuma majibu mapya polepole. Nani atayaamini? Na wale ambao jibu mbaya iliwafurahisha, watakubali ile ya kweli ambayo inawaliza? Tena wako wangapi, nani anajua? Huku kwetu tu, mama moja amefunga vitu vyake anataka kurudi kijijini, sababu aliambiwa bwana yake anamungojea nyumbani. Nimemukatalia njia kwa kumudanganya kwamba barabara imefungwa. Hiyo ndiyo kazi yangu sasa.

Fanya mambo mawili. Umutafute Chance kwa miguu yako, umuone kwa macho yako, na muzee amusikie kwa sauti yake au amuone kwa uso, si kwa mesaji. Na Estelle umuambie leo. Si baada ya wageni. Uko naye chini ya bati moja, anaosha sahani zako.

Kavira

*

Bunia, tarehe 24 mwezi ya pili 2025

Dada,

Barua yako niliisoma kwa barabara, nimesimama, sikungoja kufika nyumbani.

Nilipitia biro kwanza. Wageni walikuwa wameketi, Fabrice anawaonyesha kwa ukuta vile majibu inarudi haraka. Nilingoja amalize neno yake. Kisha nikasema mbele yao: majibu mingi ya mwezi huu ilienda kwa watu wasio wenyewe, na nimezima programu. Nilikuwa nimeizima kweli, mbele ya kuingia. Baadaye, kwa korido, Fabrice aliniambia: "Ungeniachia niseme mimi." Pengine ni kweli. Ameniambia nibaki nyumbani mpaka wataniita. Lakini wenzangu wameanza kwenda, kambi kwa kambi, kijiji kwa kijiji, kuongea na kila mutu uso kwa uso. Hakuna anayetumia simu. Kwa njia ya Kpandroma anakuja mama moja wa biro, umusaidie. Aanze na ule uliyemufungia barabara.

Kutengeneza yenyewe, dada, haikunichukua hata muda ya kuchemsha chai. Nilihamisha mistari midogo kutoka juu, nikaiweka chini. Hiyo ndiyo inanitesa. Kama ingekuwa kazi kubwa ningejihurumia.

Chance nilimupata. Anashona nguo kwa mukono mbele ya hema, anasifiwa na jirani zake. Nilipomuambia baba yake ni muzima Kpandroma, aliniuliza mara moja: "Anajua niko hapa?" Nikamueleza. Aliposikia habari ya matanga alitaka kucheka, ikamushinda. Akasema, "Alinyoa kichwa? Papa? Na baridi ya kule?" Anapanda lori. Hataki kuandika, hataki kupiga simu. Amesema atasimama mbele yake.

Sasa Estelle.

Nilimuambia nyumbani, bibi yangu ameketi upande yake. Sikuzunguka. Nilisema: "Mama Estelle, ile jibu haikuwa yako. Guelord alikufa Bambu, ndani ya shimo, siku ile ya kwanza. Kosa ni yangu, mimi ndiye nilitengeneza mashini vibaya. Na nimelijua tangu ile siku uliniambia niandike barua. Nilikuwa nalijua tayari."

Alikuwa na lile shati kwa magoti, anakaza kifungo. Alimaliza kifungo. Kisha akanipiga, kwa kiganja, hapa kwa shavu, akanipiga tena. Bibi yangu hakumuzuia, na mimi sikujikinga. Alilia namna ambayo siwezi kukuandikia.

Ilipokuwa jioni aliniita. Sauti yake ilikuwa imekauka. Akauliza: "Jibu yangu mimi ilienda wapi?"

Sikuelewa. Akasema: "Kama nilichukua furaha ya mutu, basi kuko mutu alichukua kifo yangu. Ni nani?"

Nikamuambia: "Ni Muzee David. Ule muliketi naye kwa benchi. Alifikiri ni binti yake."

"Alifanya nini?"

"Alifanya matanga. Alinyoa kichwa. Watu walikuja kulala kwake."

Akasema: "Basi kuko mutu alimulilia. Mimi, tangu uniambie, nilifikiri Guelord amekufa huu wakati wote na hakuna hata mutu moja alimulilia."

Akaomba maji, akakunywa yote.

Anataka kuona kaburi. Wenzake ya Guelord wako hapa Bunia, wachimbaji watatu, wanajua mahali, na wanasema njia ya Bambu inapitika wiki hii. Nimemuomba ruhusa ya kumusindikiza. Hakunijibu ndiyo, lakini ameniambia nivae viatu ya matope.

Uniite unavyotaka.

Mumbere

*

Bunia, tarehe 25 mwezi ya pili 2025

Munganga Kavira,

Ni Estelle. Anayeandika ni Chance, mutoto ya muzee. Nilimutafuta mimi mwenyewe, nilitaka kumuona huyu ambaye nilichukua jibu yake. Ni mwembamba, na anaongea haraka. Anakuletea hii barua, lakini umuache apite kwanza kwa baba yake.

Umuambie muzee aksanti kwa matanga. Umuambie bwana yangu alikuwa anaitwa Guelord, alikuwa murefu, na alikuwa anapenda kuimba vibaya. Ni vizuri ajue ni nani alimulilia. Asione haya. Nywele itaota.

Kesho tunaenda Bambu. Yaya yako anakuja na siye. Bado sijue kama nimemusamehe, na wala hajaniuliza. Hiyo iko vizuri, asiniulize.

Mathieu na mudogo wake usiwaambie kitu. Nakuomba sana. Na ule mama wa biro anayepita kwa nyumba za watu, asifike kwa watoto yangu. Siye tulisikia kwa simu, kisha kwa karatasi, kisha kwa mudomo ya watu. Wao nataka wasikie kwa mudomo yangu, wameketi kwa magoti yangu, hata kama Mathieu anasema amekuwa mukubwa.

Nitapanda lori nikitoka Bambu. Uwaogeshe, uwavalishe zile nguo za kanisa, uwalete mahali lori inasimama.

Wakikuuliza kama nitashuka peke yangu, uwaambie ndiyo.

Estelle